Fimbo ya Kumi na Tano

Wiki jana niliwaacha mbele ya ubao wa matangazo wa klabu, nikisoma jina langu mara tatu kama mtu anayesoma hati ya kiwanja. Majina yalikuwa yamebaki mawili tu. Recho, yaani mimi, na Gasper, mchezaji wa hapo klabuni.

Kwa aliyeukosa ukurasa huo: mimi ni mke wa Ezron, yule tandiboi wa malori aliyevuka mpaka pale Tunduma akasema anarudi Ijumaa. Aliniacha na Faith wa mwezi mmoja mgongoni. Leo Faith anatembea, na Ezron ana nyumba Kitwe, Zambia, na mwanamke ndani yake. Nikatolewa kwenye chumba cha kupanga, nikapokelewa na wazazi wa Ezron huyo huyo, kwenye shamba la kahawa nje kidogo ya Mlowo. Nikapata kibarua cha kupalilia uwanja wa gofu wa shamba. Mchana napalilia, jioni niko darasani na watu wazima wenzangu hadi cheti cha kidato cha nne kikapatikana. Kupiga mpira nilijifunza kwa kuwaibia wanaume kwa macho.

Sasa klabu ilitaka mwalimu mmoja wa kufundisha gofu wasichana wa shule za jirani. Mkataba, na nyumba ya vyumba viwili yenye ufunguo. Ufunguo wangu mwenyewe, jamani. Mlango ambao hakuna mtu angeweza kuniambia nitoke na mtoto wangu.

Mimi na Gasper tungecheza mashimo tisa siku ya Jumamosi. Mwenye mipigo michache ndiye mwalimu.

Katibu wa klabu, madam Fides, alitukopesha kila mmoja begi lenye fimbo kumi na tatu. Sheria ya gofu inaruhusu kumi na nne, hata moja zaidi hairuhusiwi. Ya kumi na nne, akasema, kila mtu ajitafutie.

Balaa langu lilianzia hapo.

Pengo la begi lilikuwa kwenye mipigo ya mbali, ule umbali ambao fimbo kubwa inapitiliza na vyuma vya kawaida havifiki. Pengo hilo huzibwa na moja kati ya fimbo mbili. Ya kwanza ni yutiliti, chuma chembamba chenye uso mdogo. Ukikipatia, mpira unapita chini ya upepo, unatua mbali na tundu, halafu unaviringika wenyewe kama unajua njia. Ya pili ni haibridi, ina kichwa kinene kama kiazi mviringo. Inanyanyua mpira juu, inapita kwenye majani marefu bila kunaswa, na ukikosea kidogo inakusamehe.

Uwanjani kwetu wanaume wote wanabeba yutiliti. Kuzunguka tundu hatuna majani ya kumwagiliwa, tuna brauni, duara la mchanga uliochanganywa na oili chafu na kusawazishwa kwa ubao. Kwenye brauni mpira unaokuja chini chini ndio unaosifiwa. Na miezi ya kiangazi upepo wa Mbozi haumwonei mtu aibu.

Gasper hakupoteza muda. Alikuja nilipokuwa napalilia, akaniuliza kama nimeshapata fimbo. Nikamwambia bado. Akasema nikikosa nichukue mwiko, maana mkono umeshauzoea.

Jumanne nikaenda Tunduma. Kuna Mzambia mmoja, Watson, anafungua marobota ya vifaa vya michezo vya mitumba karibu na stendi. Nikakuta haibridi imelala kati ya raketi na viatu vya mpira. Akaniuliza namnunulia nani. Nikamwambia ni yangu. Akacheka, kisha akaniona viganja, akaacha kucheka.

"Bamayo, mama, sikudanganyi," akasema. "Hizi wanachukua wazee wenye vitambi."

Nikamwambia basi wazee wana akili. Nikaipunga mara mbili nyuma ya kibanda chake, mpita njia akakimbia na kofia yake mkononi. Nikaichukua.

Narudi nyumbani, nakuta chuma kimeegemezwa kwenye mlango wa jiko. Yutiliti. Kimepakwa mafuta, kimefungwa kamba mpya kwenye mshikio.

Nilijua kimetoka kwa nani kabla sijauliza. Mzee Rubeni, baba mkwe wangu, alikuwa kedi pale kwa miaka ishirini, anawabebea wakubwa mabegi yao. Chuma hicho aliachiwa na bosi wake wa mwisho. Ndicho kitu alichokuwa anakilaza juu kabisa ya kabati, juu kuliko hata Biblia.

Hakunikabidhi mkononi kwa sababu hawezi. Mimi ni Mnyiha, lakini nyumba hii ni ya Wandali wa milimani Ileje, na wao bado wanaishika mila yao. Mkamwana na baba mkwe hawatazamani. Akija njia hii, mimi naacha njia, nachuchumaa, nageuza uso. Hatusemezani. Hatupokezani kitu. Miaka miwili nimekaa naye uzio mmoja, namjua kwa kikohozi na kwa viatu vyake tu. Maneno yetu yote yanapita kwa mama mkwe, Yunisi.

"Baba yako anasema hicho ndicho cha Jumamosi," mama akaniambia huku anapepeta maharage. "Anasema usimwaibishe."

Nisingeweza kukikataa bila kukijaribu. Basi nikafanya kama nilivyofundishwa darasani, nikachora mistari kwenye daftari. Kila jioni hadi Ijumaa, mipira ishirini kwa chuma cha baba, mipira ishirini kwa haibridi ya Watson, Faith amekaa kwenye kanga anakula udongo na kunipigia makofi.

Daftari halina mila. Chuma cha baba, katika ishirini, kilinipa sita mizuri. Lo, lakini hiyo sita! Ilikuwa inapita chini kama mbayuwayu. Kumi na minne iliyobaki ilikuwa aibu tupu. Haibridi ilinipa kumi na minne mizuri, na hata ile mibovu ilikuwa inaonekana ilipoangukia.

Yutiliti inataka mtu mwenye mkono wa kasi. Mimi mkono wangu ni wa jembe: una nguvu, lakini si wa kasi. Sioni aibu kulisema.

Nikamwambia mama mkwe, amwambie baba nimeshukuru kwa magoti, ila nitacheza na yangu. Akaacha kupepeta. Akaniuliza kama nadhani yeye ana vichwa vingapi vya kupelekea maneno ya namna hiyo. Mkamwana kukataa kitu cha baba mkwe, hakuna aliyewahi kumsikia. Baadaye nikamsikia kule ndani akimwambia mzee kwamba Mama Faith amefurahi mno.

Nilipaswa kusimama pale pale na kulisawazisha. Sikusimama. Hilo kosa ni langu.

Jumamosi asubuhi nikaomba kedi, makedi wote wakasema wana kazi. Wote ni marafiki wa Gasper. Mama mkwe akafunga kanga kiunoni, akamfunga Faith mgongoni, akalinyanyua begi la gofu akaliweka kichwani kama mzigo wa kuni. Hakulishika hata kwa mkono.

Gasper alicheka hadi akaegemea mti. Akaniuliza kama tunacheza gofu au tunahama.

"Tunahama," nikamjibu. "Ile nyumba ya vyumba viwili."

Madam Fides akaficha tabasamu kwenye karatasi zake.

Shimo la kwanza tulipata mitano kwa mitano. La pili vile vile.  Nilipofika kwenye vijiti vya kuanzia shimo la tatu, nikamwomba mama ateremshe begi nichukue haibridi.

Nikaingiza mkono. Kulikuwa na kanga imesokotwa na kuchomekwa katikati ya fimbo. Nikaivuta nikidhani ni nguo ya Faith.

Ndani yake kulikuwa na chuma cha baba.

Nikahesabu kwa kidole. Nikarudia. Kumi na tano.

Mama mkwe aliona uso wangu, akanisogelea. Akaninong'oneza kwamba baba aliuliza alfajiri kama chuma kimo, naye akakichomeka. Akasema fimbo ni kama majembe tu, ikizidi moja kuna hasara gani. Nikamweleza hasara yake. Akashika mdomo. Halafu akashika mkono wangu.

"Nyamaza," akasema. "Mimi nakwenda kumbadilisha mtoto kwenye miti ya kahawa, narudi bila hicho chuma. Nani amehesabu?"

Kweli, nani alikuwa amehesabu? Gasper alikuwa anachezea simu. Madam Fides alikuwa anaandika. Mikahawa iko hatua kumi.

Nilimwangalia Faith, amelalia mgongo wa bibi yake, mate yanamtoka. Nikafikiria ule ufunguo. Kisha nikawafikiria wale wasichana wa shule nitakaowafundisha sheria hii hii ya fimbo kumi na nne, na uso nitakaokuwa nao siku hiyo. Miaka miwili nageuza uso kila viatu fulani vikipita. Nilikuwa nimechoka kuwa na uso wa kugeuza.

Nikanyoosha mkono juu kama niko darasani.

"Madam, nina fimbo kumi na tano."

Gasper aliweka simu mfukoni polepole, kama mtu aliyeona noti barabarani.

Madam Fides alihesabu mwenyewe. Hakuniuliza ilikuwaje, na mimi sikumtaja mtu. Akasema sheria iko wazi, mipigo miwili kwa kila shimo nililolicheza hivyo, jumla minne. Kumi yangu ikawa kumi na nne. Gasper alibaki na kumi yake.

"Na moja itoke sasa hivi," akasema. "Kwa kuwa ulianza nazo zote, ni hiari yako ipi."

Hapo kila mtu alikuwa na maoni. Upepo ulikuwa umeanza kuinamisha mikahawa. Gasper akasema, kwa sauti ya mtu anayenihurumia, kwamba katika upepo ule hata kichaa angebaki na chuma. Makedi waliosema wana kazi walikuwa wote wamesimama pembeni, nao wakaitikia. Mama mkwe hakusema kwa ajili ya upepo. Alisema mzee yuko kule shimo la tisa, amekaa tangu asubuhi anasubiri kuona chuma chake kikipigwa.

Walikuwa wananishauri kwa ajili ya mkono ambao si wangu.

Nikakitoa chuma cha baba. Nikakifunga kwenye kanga yake vizuri, nikampa madam Fides kwa mikono miwili.

"Hii ni ya mzee Rubeni, na ni nzuri kuliko mimi," nikasema. "Nabaki na yangu."

Mama mkwe aliteremsha begi chini. Hakulitupa, aliliweka. Akasema nibebe mwenyewe, kwa kuwa nimekuwa mkubwa. Akaondoka na Faith kuelekea kwenye banda la mashine, hakugeuka.

Nikalivaa begi begani, nikapiga.

Shimo la tatu sitadanganya. Gasper alipiga yutiliti yake na mpira ukapita chini ya upepo, ukaviringika brauni nzima, mtu akapiga mluzi. Pengo likawa mipigo mitano. Akaniuliza kama haibridi yangu nitaitumia kuponda karanga nikifika nyumbani.

Nikamwambia karanga zikiwa tayari nitamwita.

Shimo la nne alitaka kurudia mbwembwe zile zile. Mpira ukaingia kwenye majani marefu, na majani ya kwetu yanashika chuma kama mkono wa mtu. Alipiga mara mbili bila kutoka. Mimi mpira wangu uliangukia majani hayo hayo, hatua tano kutoka kwake. Haibridi ikapita. Mpira ukapanda, ukatua mbele ya brauni. Pengo likabaki mipigo mitatu.

La tano tukatoka sawa. Kwenye shimo la sita nilipunguza mmoja, nikasikia Faith analia. Mama mkwe alikuwa amesimama ukingoni. Alimnyoosha tu mtoto kwangu, macho yako pembeni. Madam Fides akatazama saa, akasema kila mtu apumzike kidogo. Nikakaa juu ya begi, nikamnyonyesha. Vidole vyake vilikuwa vinanichezea kidevu kama kawaida. Nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba mama yake yuko nyuma mipigo miwili tu, asilie.

Nilipomrudisha, mama mkwe alimpangusa mdomo kwa kanga yake mwenyewe.  Akaondoka.

Shimo la saba Gasper aliingia majanini tena. Nilimshauri abadilishe fimbo, na nilimaanisha. Akasema hashauriwi na mpalilia majani. Akapiga chuma, kikageuka mkononi, mpira ukagonga mkahawa. Mipigo yote miwili iliyobaki nikaila pale.

Shimo la nane hakuna aliyempita mwenzake.

Tukafika la tisa tukiwa sawasawa.

Makedi walikuwa hawacheki tena. Gasper alikuwa na mipigo mitatu, mpira wake uko pembeni ya brauni. Mimi nilikuwa nimepiga mmoja tu. Kama haibridi ingenifikisha, nyumba ilikuwa yangu. Umbali ulikuwa ule ule wa pengo la begi, sawa kabisa na ule wa kwenye daftari.

Mtu mmoja nyuma yangu akasema hapo ndipo chuma cha mzee kilipohitajika. Sikugeuka. Nikapiga.

Niliupiga vizuri. Nawaambia ukweli, kati ya ile kumi na minne mizuri ya daftari, huu ungekuwa wa kwanza. Ulipanda, ukapanda, na huko juu upepo ukaudaka. Ukauvusha brauni, ukaupeleka nyuma kwenye majani yanayofika magotini, kando ya njia ya miguu. Ukazama.

Nilikimbia na begi linanipiga mgongoni. Madam Fides akaja nyuma yangu, akanikumbusha sheria: dakika tatu za kutafuta. Usipoonekana, mpira umepotea, narudi nilikopigia na mpigo wa adhabu juu. Akabonyeza saa yake.

Nikaingia majanini kwa mikono. Dakika ya kwanza nikaokota mpira wa zamani uliooza. Niliodhani ni wa pili ukawa jiwe.

Nikainua kichwa.

Mzee Rubeni alikuwa amesimama kwenye njia ya miguu, hatua nane kutoka kwangu. Viatu nilivijua. Kwa mila alitakiwa kuondoka aliponiona nakuja, na mimi nilitakiwa kuchuchumaa. Hakuondoka. Alikuwa amesimama hapo mpira ulipokuwa angani. Kedi wa miaka ishirini haupotezi mpira machoni. Aliuona ulipoingia.

Nikamtafuta mama mkwe anipelekee neno. Yuko mbali kule bandani, amenipa mgongo. Nikamwita. Nikamwita tena. Upepo ukaila sauti yangu, au yeye akaiacha iliwe.

"Imebaki dakika moja na nusu," madam Fides akasema.

Watu wote walikuwa wamekaribia. Nusu yao ni Wandali, walijua wanachokitazama. Mwanamke mmoja akanung'unika kwamba binti huyu asithubutu.

Nikasimama. Nikamtazama baba mkwe wangu usoni.

Ilikuwa mara ya kwanza. Ana macho ya Faith. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia.

"Shikamoo, baba," nikasema. "Mpira wangu umeangukia wapi?"

 Mzee alinitazama muda mrefu kuliko nilivyoweza kuumudu. Nilidhani atanipa mgongo. Alifungua mdomo, na sauti yake, niliyokuwa naisikia kupitia kuta tu, ikanifikia mimi.

"Umeupiga kwa chuma changu?"

Gasper akacheka kwa pua. Madam Fides alikuwa na chuma hicho mkononi, kimefungwa kanga, lakini yuko nyuma yangu, mzee hakukiona. Neno moja dogo la ndiyo lingetosha. Angenyoosha kidole, ningeupata mpira, ningelala ndani ya vyumba viwili. Ukweli angeusikia baadaye, nikiwa na ufunguo.

"Hapana, baba," nikasema. "Chako nimekitoa mwenyewe mbele ya watu. Mkono wangu haukiwezi. Na ningekitoa tena."

Kofia yake ilikuwa mkononi. Akaivaa.

"Sekunde thelathini," madam Fides akasema.

Mzee Rubeni alisogea hatua moja, kisha akasimama, bakora yake imeinuka nusu, haijaelekea majanini, haijaelekea kwangu. Midomo yake ilikuwa inatembea bila sauti.

Sikuinamisha macho. Wiki ijayo nitawaambia bakora ilielekea wapi.